Nani Anafeli Mtoto Anapoishiwa Pumzi?

Mwaka 2016 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha utafiti uliolinganisha pumzi za watoto na vijana wa miaka 9 hadi 17 kutoka nchi 50. Watafiti walikusanya matokeo ya watoto zaidi ya milioni 1.1 waliokuwa wamekimbia mbio za kwenda na kurudi kwenye umbali wa mita 20, kisha wakazipanga nchi kwa wastani wao. Iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa Tanzania. Zilizofuata ni Iceland, Estonia, Norway na Japani. Marekani, pamoja na viwanja vyake vyote, ilikuwa ya 47, na Meksiko ikashika mkia. Ni habari njema na kuna haki ya kuifurahia. Ila ina upungufu ambao msomaji makini hawezi kuupita: nchi za Afrika kwenye orodha ile zilikuwa chache, na Tanzania iliyoongoza haina utaratibu wa kitaifa wa kuwapima wanafunzi wake siha mwaka hadi mwaka. Tuliongoza kwa kipimo kilichofanywa na watafiti kwa kundi la watoto wa wakati fulani. Kama mtoto wa darasa la tano wa Temeke, Arusha au Kisumu leo ana pumzi kuliko aliyekaa dawati lilelile miaka kumi iliyopita, hakuna daftari la kutuambia.

Daftari hilo linahitajika. Shule zetu zinapaswa kupima siha ya wanafunzi inayohusiana na afya, na zinaweza. Lakini upimaji huo utakuwa na faida endapo tu tutakubaliana tangu mwanzo kwamba anayeulizwa swali ni mtu mzima. Mtoto anapokimbia na kuishiwa pumzi mapema, matokeo yake yanaeleza kipindi cha michezo kilichogeuzwa kuwa cha hisabati, uwanja uliojengwa vibanda, njia ya shuleni isiyo salama kutembea, na chakula anachokula. Nchi zilizolielewa hilo zimevuna mengi kutokana na vipimo vyao. Zilizoufanya upimaji kuwa mtihani wa mtoto zimewaacha watu wazima wengi wakiuchukia mchezo hadi leo.

Kwanza tujue kinachopimwa. Walimu wa michezo hutenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya. Kuna uwezo wa kimichezo, yaani kasi, wepesi wa kugeuka, shabaha na ufundi wa mpira, na huo ndio unaotafutwa na wanaochagua timu za mashindano ya shule ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Halafu kuna siha ya afya: uwezo wa moyo na mapafu kuufikishia mwili oksijeni, nguvu na uvumilivu wa misuli, unyumbufu wa viungo, na kiasi cha mafuta mwilini. Mtoto anaweza kuwa hajui kabisa kupiga chenga na bado moyo wake ukawa imara, na mwingine akawa kipa hodari asiyeweza kukimbia dakika nne mfululizo. Shule nyingi zinamjua vizuri mwanafunzi mwenye uwezo wa kimichezo kwa sababu analeta vikombe. Maelfu waliobaki, ambao hawatavaa jezi ya shule maisha yao yote lakini watahitaji moyo wenye nguvu wakifika miaka hamsini, hakuna anayewatazama.

Kipimo chenye sifa kuliko vyote ni zile mbio za mita 20. Zilibuniwa na Luc Léger na mwenzake Lambert huko Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1982. Unachora mistari miwili ya chaki, ama unapanga mawe au koni, mita 20 baina yake. Watoto wanasimama kwenye mstari mmoja. Spika inatoa mlio, wanaondoka, na wanatakiwa wawe wamefika mstari wa pili kabla ya mlio unaofuata. Mwendo wa kuanzia ni kilomita 8.5 kwa saa, yaani kama sekunde nane na nusu kwa kila mkondo, mwendo ambao karibu kila mtoto mzima wa afya anaumudu huku akicheka na jirani yake. Kila dakika mwendo unapanda kwa nusu kilomita. Kicheko kinakatika kadiri dakika zinavyopita, mabega yanaanza kupanda na kushuka, wanaogeuka kwa shida wanaonekana. Dakika ya nane mkondo mmoja unatakiwa umalizike kwa sekunde sita. Aliyeshindwa kuufikia mstari mara mbili mfululizo anatoka, na mwalimu anaandika alipoishia. Kutokana na hatua hiyo zinakadiriwa mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa dakika kwa kila kilo ya uzito. Watoto ishirini wanapimwa kwa pamoja kwa muda mfupi, bila mashine ya maabara na bila daktari wa kuwachoma sindano.

Vipimo vingine havina uzito sawa, na hapa ndipo uangalifu unapotakiwa, maana shule ikiamua kupima kila kitu itachoka kabla ya muhula kwisha. Mwaka 2012 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia ushahidi wote uliokuwepo ikitafuta vipimo ambavyo kweli vina uhusiano na afya ya kijana. Ilipitisha mbio za kwenda na kurudi kwa ajili ya moyo na mapafu, nguvu za mkono kukamata pamoja na kuruka mbali kwa miguu miwili kutoka mahali uliposimama kwa ajili ya misuli, na uwiano wa uzito na urefu kwa ajili ya umbo. Kile kipimo maarufu cha kukaa chini na kunyoosha mikono hadi vidoleni hakikupata ushahidi wa kutosha wa kukihusisha na afya ya watoto. Kwa shule yenye futikamba moja na mwalimu mmoja wa michezo, huo ni mwongozo mzuri: mbio na kuruka. Kifaa cha kupima nguvu za mkono ni ghali na kinaweza kusubiri.

Mfano wa namna ya kukosea tunao, tena kutoka nchi iliyoanza mapema. Miaka ya mwanzo ya 1950 daktari Hans Kraus na mwenzake Ruth Hirschland waliwapa watoto wa Marekani na wa Austria, Italia na Uswisi majaribio sita mepesi ya misuli. Zaidi ya nusu ya watoto wa Marekani walishindwa angalau jaribio moja. Wa Ulaya walioshindwa hawakufika mmoja kati ya kumi. Habari zikamfikia Rais Eisenhower, naye mwaka 1956 akaunda baraza la siha ya vijana. Ilikuwa miaka ya vita baridi, na swali lililowasumbua wakubwa lilikuwa zaidi la kijeshi kuliko la kiafya. Kipimo cha shule kilichotokea mwaka 1958 kikajaa kujinyanyua kwenye chuma, mbio fupi za kasi, hata kurusha mpira mbali. Mwaka 1966 Rais Johnson akaongeza tuzo, na sharti lake ndilo lililoharibu kila kitu: ili kuipata, mtoto alitakiwa kuwapita asilimia 85 ya wenzake wa umri wake, katika kila zoezi. Kwa hesabu hiyo, walio wengi wasingeweza kufika. Mtoto mnene aliyening'inia kwenye chuma mbele ya darasa zima bila kupanda hata inchi moja hakujifunza lolote kuhusu moyo wake. Alijifunza kwamba michezo ni ya wengine. Marekani iliuacha mtindo huo mwaka 2012 na kuchukua mpango wenye msingi wa kiafya, lakini Julai 2025 Rais Trump akatia saini agizo la kuurudisha mtihani wa zamani wa rais. Inasikitisha, kwa kuwa ushahidi uliofanya uachwe haujabadilika.

Kilichochukua nafasi yake kwa muda ule kilianzia Dallas mwaka 1982, katika taasisi ya Dakta Kenneth Cooper, na wazo lake linatuhusu sana sisi ambao shule zetu zimezoea kuwapanga watoto kwa namba tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Badala ya kuuliza mtoto amewapita wangapi, linauliza kama amefika kiwango ambacho afya yake iko salama. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipendekeza kwamba mvulana aliye chini ya mililita 42 za oksijeni kwa kilo kwa dakika, na msichana aliye chini ya 35, aangaliwe kwa karibu, kwa sababu dalili za hatari ya maradhi ya moyo zinaanza kujikusanya chini ya hapo. Darasa zima linaweza kufika kiwango hicho, na pia darasa zima linaweza kukikosa. Darasa zima likikikosa, mwenye akili hawezi kuwalaumu watoto arobaini kwa mpigo. Atauliza wanafundishwa nini, wanacheza wapi na saa ngapi.

Nchi iliyouliza swali hilo kwa muda mrefu kuliko karibu zote ni Slovenia, yenye watu wapatao milioni mbili. Ilianza kwa majaribio mwaka 1982, na tangu 1987 kila mwezi Aprili shule zake za msingi na sekondari huwapima wanafunzi wa miaka 6 hadi 19 ambao wazazi wao wameridhia: urefu, uzito, mafuta chini ya ngozi ya mkono, na mazoezi manane, kati yake mbio za mita 600 na kupita vikwazo kinyumenyume kwa mikono na miguu. Kwa mwaka hupimwa zaidi ya 200,000. Takwimu huenda Chuo Kikuu cha Ljubljana, zikachambuliwa, kisha zikarudi shuleni na kwa mtoto mwenyewe. Kwa kuwa mtoto yuleyule anapimwa tangu anaanza shule hadi anamaliza, mzazi anaona mstari wa maendeleo yake, na mwalimu anaona kama mtoto aliyekuwa akipanda ameanza kushuka ghafla, jambo ambalo mara nyingine ni dalili ya ugonjwa au matatizo ya nyumbani.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilionekana kwa taifa. Takwimu zilipoonyesha unene wa watoto ukipanda na siha ikishuka mwaka baada ya mwaka, serikali haikuweza kusema haijui. Mwaka 2010 ikaanzisha mpango wa vipindi vya ziada vya michezo katika sehemu ya shule za msingi, vikifundishwa na walimu waliosomea kazi hiyo. Katika miaka iliyofuata unene ukaanza kupungua na siha kupanda, jambo lisilo la kawaida Ulaya. Mpango peke yake haustahili kupewa sifa zote, kwani mengi hubadilika katika nchi kwa miaka kadhaa, lakini bila kipimo hata mjadala wenyewe usingekuwepo. Halafu ikaja korona. Shule zilifungwa kwa takriban miezi miwili mwaka 2020, na watoto walipopimwa baada ya kurudi ulionekana mporomoko mkubwa kuliko wowote tangu upimaji uanze. Afrika Mashariki nako shule zilifungwa. Kenya watoto wengi walikaa nyumbani tangu Machi 2020 hadi Januari 2021. Miili yao ilipoteza nini katika miezi ile, hakuna shule inayoweza kueleza.

Wapo watakaosema haya ni ya Wazungu: mtoto wetu anatembea kilomita tatu kwenda shule, anachota maji, anachunga, na asubuhi ana mchakamchaka, akapimwe nini zaidi? Hoja hii ina ukweli mwingi, na huenda ndiyo inayoeleza nafasi ya kwanza ya Tanzania. Lakini inamzungumzia mtoto wa mahali fulani tu. Watafiti wa Denmark walipowapima wavulana wa Kinandi nchini Kenya ambao hawakuwa wanariadha, waliwakuta wa kijijini na uwezo mkubwa wa oksijeni kuliko wa mjini, ingawa ni watu wa damu moja na nyanda zilezile. Nairobi, katika utafiti wa kimataifa uliowahusisha watoto wa miaka 9 hadi 11 na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi, na takriban mmoja kati ya wanane ndiye aliyefikisha dakika 60 za kutumia mwili kwa siku zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Basi la shule, bodaboda, tuisheni ya jioni na simu vimeingia mitaa ya mijini kama Mbezi na Kasarani, na vinaendelea kuingia miji midogo. Mabadiliko ya namna hii hayapigi hodi. Yanaonekana baada ya miaka ishirini, kwenye foleni za kliniki za kisukari na shinikizo la damu, wakati wa kuyazuia umeshapita.

Pingamizi zito zaidi ni la fedheha. Wanaolitoa wana ushahidi mkononi, na wasikilizwe. Huko California watafiti walifuatilia shule 79 zenye wanafunzi zaidi ya 28,000 kuona kama kuwapima watoto uzito na kuwapelekea wazazi taarifa kunasaidia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalikuwa mabaya kwa waliotegemea barua: unene haukupungua, na kupimwa uzito kuliwafanya watoto waridhike na miili yao kidogo kuliko awali. Kwa hiyo mimi ningeuondoa mzani kwenye uwanja wa shule kabisa. Kama uzito una haja ya kujulikana, upimwe faraghani na muuguzi anayeweza kumsaidia mtoto na familia. Mbio zina tatizo lake pia, kwamba anayetoka wa kwanza anaonekana na wote. Dawa ni kukimbiza vikundi vidogo, wasichana wakiwa peke yao wakitaka hivyo, wenzao wakiwa kwenye zoezi jingine badala ya kukaa wakitazama. Majina yasibandikwe ubaoni, na alama isiingie kwenye ripoti ya muhula. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Taarifa ya mwili wa mtoto ni ya kulindwa kuliko nyingi nyingine.

Kuna mengine ya kwetu ambayo mwongozo uliotafsiriwa kutoka Dallas hauwezi kuyajua. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na mtoto huyo hapaswi kusukumwa akimbie hadi aishiwe nguvu. Wapo wenye pumu, na wapo waliokuja shuleni bila kuweka kitu tumboni. Mzazi aulizwe kwanza, mtoto aruhusiwe kusimama wakati wowote, na upimaji ufanyike asubuhi kabla ya jua kali baada ya uji, siyo saa saba. Udumavu nao unabadilisha maana ya namba: kwa takwimu za mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano na asilimia 18 ya wa Kenya wamedumaa. Mtoto mfupi kwa sababu ya lishe duni utotoni ataruka umbali mdogo, na anayechelewa kubalehe ataonekana dhaifu mbele ya mwenzake wa umri uleule aliyekwisha kuota ndevu. Ndiyo maana namba ya mtoto mmoja kwa siku moja isibebeshwe hukumu. Nguvu ya vipimo hivi iko kwenye wastani wa darasa, na kwenye mwenendo wa mtoto huyohuyo kwa miaka.

Wataalamu wenyewe wanabishana kuhusu uzito wa ushahidi. Uswidi ilipima zaidi ya wavulana milioni moja walipoitwa jeshini, na waliokuwa na misuli yenye nguvu ujanani walikufa mapema kwa kiwango kidogo kuliko wadhaifu. Namba hizo zimenukuliwa kila mahali. Mwaka 2025 uchambuzi mwingine wa Uswidi ukaonyesha kwamba waliokuwa na siha nzuri ujanani walikuwa pia na hatari ndogo ya kufa kwa ajali, kitu ambacho pumzi nzuri haikielezi. Maana yake ni kwamba sehemu ya tofauti inatokana na malezi, kipato na mazingira. Wengine wanaliona hilo kuwa pigo kwa upimaji. Mimi naliona limeiongezea nguvu hoja ya tangu mwanzo: siha ya kijana ni kioo cha mazingira aliyokulia. Utafiti wa nchi 50 nao ulikuta kwamba penye pengo kubwa kati ya tajiri na maskini, watoto walikuwa na pumzi hafifu zaidi.

Limebaki suala la uwezo. Darasa lenye wanafunzi mia moja na mwalimu anayefundisha masomo manne haliwezi kuiga mazoezi manane ya Slovenia, wala halihitaji. Finland inapima darasa la tano na la nane tu, na matokeo yanamfikia muuguzi wa shule anapomkagua mtoto. Sisi tungeanza na darasa la tano na kidato cha kwanza, mbio na kuruka, mara moja kwa mwaka, katika shule chache za kila wilaya, za mjini na za vijijini. Vyuo vya ualimu vifundishe namna ya kupima kwa usawa, maana mstari uliochorwa mita 18 unaharibu takwimu za wilaya nzima. Mtoto apewe karatasi yake yenye maneno ya kueleweka. Mkuu wa shule na halmashauri wapewe ya kwao, isiyo na jina la mtoto yeyote, ikiwa na wastani wa shule, idadi ya vipindi vya michezo vilivyofundishwa kweli mwaka huo, na ukubwa wa uwanja uliobaki. Vitu vitatu hivyo vikikaa kwenye ukurasa mmoja mbele ya madiwani, kipande cha uwanja wa shule kinachoombwa kwa ajili ya fremu za maduka kitajadiliwa tofauti na kinavyojadiliwa sasa. Miaka ya kwanza namba hazitakuwa na za kulinganishwa nazo. Slovenia ilipima kwa zaidi ya miaka ishirini kabla takwimu zake hazijazaa mpango wa mwaka 2010, na kila Aprili inayopita hapa kwetu bila kupima ni mwaka ambao hautarudi kujazwa kwenye daftari.